Mgeni Mdogo wa Mwezi wa Kumi

Leo tunataka kuzungumza juu ya ndege mmoja mdogo ambaye bila shaka wengi wenu mmemwona, lakini waliomtazama ni wachache. Hana rangi ya kuvutia macho. Hana wimbo wa kumsimamisha mtu njiani. Huja kila mwaka bila kupiga hodi, hukaa katika miti ya shamba, ya shule na ya kanisa, hufanya kazi yake, kisha huondoka. Nasi hatuulizi alitoka wapi, wala amekwenda wapi.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8 ya kitabu chake, aliwaonyesha watu wake ndege wasafiri. Aliwaambia kwamba ndege hao wanajua majira yao, hali watu wenyewe hawakujua yaliyowapasa. Nchi aliyokaa Yeremia iko katika njia kubwa ya ndege wanaosafiri kati ya Ulaya, Asia na Afrika. Kwa hiyo nabii hakutafuta mfano mbali. Aliinua macho, akaona. Ndege wetu wa leo naye hupita katika nchi ile ile. Basi sisi pia na tuinue macho.

Jina lake

Wataalamu humwita Muscicapa striata. Jina hilo alipewa na Peter Simon Pallas mwaka 1764. Ni maneno ya Kilatini: la kwanza maana yake ni mkamata-nzi, na la pili maana yake ni mwenye mistari. Katika mazungumzo haya tutamwita mdaka-nzi, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Waingereza humwita mdaka-nzi mwenye madoadoa, na jina hilo limewachanganya watu wengi. Mtu humtafuta ndege mwenye madoa, hamwoni. Sababu ni hii: madoa ni ya kinda. Kinda atokapo katika kiota huwa na madoadoa ya rangi hafifu kichwani, mgongoni na kifuani. Baada ya wiki chache hubadili manyoya hayo, na anapofika kwetu mavazi ya utoto amekwisha kuyavua, isipokuwa labda alama ndogo zilizobaki bawani. Mkubwa hana madoa, ana mistari.

Jinsi ya kumtambua

Twaweza kumtambua kwa alama nne. Mtu akizishika zote nne, hatakosea mara nyingi.

Alama ya kwanza ni majira. Mdaka-nzi huyu huanza kufika Kenya mwishoni mwa Septemba, na wengi huonekana mwezi wa Oktoba na Novemba. Baadhi yao huendelea na safari mpaka kusini kabisa mwa Afrika, na wengine hubaki hapa. Mwezi wa Machi na Aprili huonekana tena wengi wakirudi kaskazini. Ukimwona ndege wa namna hii mwezi wa Julai, yamkini si yeye. Ni mmoja wa jamaa zake wakaao hapa mwaka mzima.

Alama ya pili ni mkao. Mdaka-nzi hukaa wima, kifua mbele, juu ya tawi lililo wazi, au waya wa ua, au kigingi. Hajifichi ndani ya majani. Mabawa yake ni marefu kwa mwili wake, miguu ni mifupi na myeusi. Akiwa ametulia hivyo, mara kwa mara huchezesha mabawa au mkia, kama mtu anayengoja gari akitazama huku na huku.

Alama ya tatu ni rangi. Mgongoni ni kahawia yenye kijivu, na tumboni ni mweupe uliofifia. Sasa tazama paji la uso na utosi: kuna mistari midogo myeusi-myeusi. Tazama na kifua: kuna mistari mingine, kama iliyochorwa kwa penseli isiyo kali. Urefu wake ni karibu sentimita 14, yaani kama shomoro, lakini ni mwembamba zaidi. Uzito wake ni gramu 15 hadi 20, ambao ni kama vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari.

Alama ya nne ni mwenendo, na hii ndiyo kubwa. Mtazame kwa dakika tano tu. Ataruka ghafula kutoka tawini, atageuka hewani, mtasikia pengine mdomo ukigonga, kisha atarudi kukaa. Mara nyingi hurudi pale pale alipotoka. Atangoja, ataruka tena, atarudi tena. Watu wawili wakibishana juu ya rangi ya ndege wa kijivu aliye mbali, mwenendo wake utaamua.

Wako wengine wa kufanana naye. Katika bustani za Nairobi na nchi za juu yuko mdaka-nzi mwenyeji, mdogo kuliko huyu, mnene kidogo na wa mviringo, mwenye mabawa mafupi na asiye na mistari dhahiri kwenye paji la uso. Yuko na mwingine mkubwa zaidi, wa kijivu kilichokolea, mwenye pete nyeupe inayozunguka jicho. Huyo nanyi mnamjua, maana hukaa karibu na nyumba. Na katika nchi kavu yenye migunga, kama vile Kajiado, yuko wa kijivu mwenye kichwa kikubwa, ambaye hata yeye ana mistari utosini. Lakini huyo mara nyingi hushuka chini na kuokota mdudu ardhini. Mgeni wetu hukamata chakula chake hewani.

Kazi yake

Mungu amempa mfanyakazi huyu vyombo vya kazi yake. Mdomo wake, ukiutazama kutoka juu, ni mpana kwenye shina lake. Kandokando ya mdomo kuna vinyweleo vigumu. Macho yake ni makubwa na makali, nayo humwonyesha mdudu ambaye sisi hatungemwona.

Hula nzi, mbu, mende wadogo warukao, vipepeo, na hata nyuki na nyigu. Je, haogopi mwiba? Akimkamata nyuki au nyigu, humpeleka tawini, akamsugua na kumpigapiga hapo mpaka mwiba umeondoka, ndipo amle. Siku za baridi, wadudu wasiporuka, huingia katika majani na kuokota vidukari na wadudu wengine wadogo. Mwisho wa kiangazi cha Ulaya huongeza na matunda madogo ya porini.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mgeni huyu hangoji siku ya tatu. Siku ile ile anayofika huanza kazi, na kila nzi anayemkamata katika boma letu amepungua katika hesabu ya nzi wa boma.

Kwao ni wapi?

Kwao ni Ulaya karibu yote, na sehemu za Asia ya magharibi mpaka Siberia. Huko ndiko anakozaa. Hupenda kukaa kando ya misitu, katika bustani, na hasa katika viwanja vyenye miti mikubwa ya zamani. Huko Uingereza viwanja vya makanisa ya mashambani ni moja ya mahali ambapo watu wamezoea kumwona, akiwinda kutoka juu ya mawe ya makaburi.

Nchini Uingereza ni mmoja wa wageni wanaochelewa sana kurudi. Wengi hufika katikati ya mwezi wa Mei. Hujenga kiota kwenye ufa wa ukuta, juu ya boriti, katika mmea unaotambaa ukutani, au kwenye tundu la mti. Jike hutaga mayai manne au matano, pengine sita. Mayai hulaliwa kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine kabla ya kuruka. Baba na mama wote wawili hulisha. Majira yakiwa mema, huzaa mara ya pili. Ifikapo Agosti na Septemba, wadudu wa Ulaya huanza kupungua, na safari huanza.

Safari yenyewe

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao walikwenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani wamejificha katika mashimo, au hata ndani ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipatikana korongo aliyerudi kutoka safarini akiwa na mkuki umepenya shingoni mwake. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alihifadhiwa, naye yupo hata leo katika chuo kikuu cha Rostock. Hivyo silaha ya mwindaji wa Afrika ikawafundisha wataalamu wa Ulaya jambo ambalo hawakulijua.

Korongo ni ndege mkubwa. Lakini huyu wa gramu 20, je? Mji wa Moscow uko karibu kaskazini kabisa mwa Nairobi, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 6,000. Mdaka-nzi aliyezaliwa kule hupita milima, bahari na jangwa ili atufikie. Husafiri zaidi usiku, wakati hewa ni baridi na kipanga amelala. Kabla ya kuondoka hula sana, na mafuta hujaa chini ya ngozi yake; mafuta hayo ndiyo petroli yake. Yakimwishia juu ya jangwa, hakuna kituo cha kuongeza.

Katika Kenya tunayo mahali palipotusaidia kujua habari za safari hizi za usiku. Ni Ngulia, katika Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu, mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli iliyoko mlimani huwavuta ndege wasafiri washuke. Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, wakiwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachilia waende zao. Ndege wa aina nyingi waliovishwa pete hapo hufika mamia ya maelfu. Wakati sisi tumelala, juu ya mapaa yetu kunapita umati mkubwa.

Nani huwaonyesha njia? Wataalamu wamegundua kwamba ndege wa usiku huongozwa na nyota na mahali jua linapotua. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1960, Wolfgang Wiltschko wa Frankfurt alionyesha kwamba robini wa Ulaya, ambaye ni wa jamaa moja na mdaka-nzi wetu, hutambua nguvu ya sumaku ya dunia, kama vile dira ya baharia inavyoitambua.

Na hapa kuna jambo la kustaajabisha zaidi. Kinda aliyezaliwa mwezi wa Juni hasafiri akiwa ameshikwa mkono. Kwa ndege wadogo wa usiku kama hawa, mtoto huondoka bila wazazi kumwongoza, naye hajaiona Afrika hata siku moja. Upande wa kwenda amezaliwa nao ndani yake. Huondoka usiku kuelekea nchi asiyoijua, naye hufika. Wengi wetu tunamkumbuka Abrahamu tunaposikia habari kama hiyo.

Mavazi mapya

Pengine mtu atasema, basi huyu ni ndege wa Ulaya anayekuja kwetu kuota jua. Sivyo. Hebu hesabuni miezi. Kule kwao hukaa miezi mitatu au minne. Miezi iliyobaki huwa njiani, au huku Afrika.

Tena akiwa huku Afrika ndipo anapobadili manyoya yake makubwa ya kurukia. Manyoya ya bawa huchakaa kwa safari, kama gurudumu la gari. Huanguka moja moja, na jipya huota mahali pake. Karibu ndege wote wadogo wa nasaba yake huanza kubadili manyoya ya mkono wa bawa kutoka ndani kwenda nje. Mdaka-nzi huyu hufanya kinyume: huanza ncha ya bawa na kuja ndani. Kwa nini awe na desturi hiyo? Aliyemfanya anajua. Lakini jambo moja tunalijua: mabawa yanayomrudisha Ulaya mwezi wa Aprili yameota kwa chakula cha Afrika. Watoto wanaomshangilia katika bustani ya Uingereza mwezi wa Mei wanatazama manyoya yaliyotengenezwa huku.

Amepungua

Sasa tufike kwenye neno zito la leo. Mgeni huyu anapungua. Nchini Uingereza, ambako ndege huhesabiwa kwa uangalifu mwaka hata mwaka, idadi ya wadaka-nzi hawa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1960. Mahali palipokuwa na jozi kumi za kuzaa, leo hazibaki hata mbili. Wamewekwa katika orodha nyekundu ya ndege walio taabani nchini humo. Duniani kote bado wako wengi, wala hatusemi kwamba wako karibu kwisha. Lakini wazee wa vijiji vya kule waliomwona kila mwaka utotoni, sasa viwanja vyao viko kimya.

Watafiti wa Uingereza waliochunguza kumbukumbu za miaka mingi waliona dalili kwamba vijana wengi hawamalizi mwaka wao wa kwanza. Na mwaka wa kwanza umejaa hatari kila upande: mashamba ya Ulaya yasiyo na wadudu, miti ya kale iliyokatwa, jangwa, ukame, na hali anayoikuta anakofika. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuosha mikono. Mzungu akipanda miti yake nasi tukakata yetu, ndege hatapona. Sisi tukihifadhi naye akaharibu, pia hatapona. Ni kama mtoto aliyelelewa na nyumba mbili. Nyumba moja ikikosa kumpa chakula, nyumba zote mbili zitamlilia.

Yatupasa nini?

Hatuwaambii mfanye mambo makubwa. Twataja manne, ambayo mtu wa shamba aweza kuyafanya.

Kwanza, miti. Mdaka-nzi anahitaji tawi la kukalia lililo wazi, na nafasi mbele yake ya kurukia. Tukipanda miti kando ya mashamba, njiani, mtoni na katika uwanja wa kanisa, tumemwandalia kiti. Na tawi kavu lisilomhatarisha mtu, si lazima liwe kuni zote, mwachieni moja.

Pili, dawa za wadudu. Hatusemi mkulima aache mahindi yake yaliwe. Lakini dawa ipuliziwe pale tu penye haja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na baada ya kumwuliza afisa wa kilimo. Dawa ikimwagwa ovyo huua na wadudu wasio na hatia, na ndege aliye mlaji wa wadudu hulala njaa. Mwezi wa Machi na Aprili njaa hiyo ni mauti, kwa sababu wakati huo ndipo anapojaza mafuta ya kuvukia jangwa. Mvua za masika huleta wadudu wengi wenye mabawa. Hiyo ndiyo posho yake ya safari.

Tatu, manati. Akina baba na akina mama, semeni na wavulana wenu. Ndege wa gramu 20 hawezi kuwa kitoweo. Kumwangusha kwa jiwe ndege aliyevuka Sahara ni hasara isiyo na faida kwa mtu yeyote. Mpe kijana daftari badala ya manati. Aandike tarehe ya kwanza aliyomwona mdaka-nzi mwaka huu, na mwaka ujao aandike tena. Walimu wa shule za Jumapili, hili laweza kuwa somo zuri nje ya jengo.

Nne, habari. Chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909, ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya, hupokea kwa furaha habari za ndege kutoka kila mahali nchini. Tarehe iliyoandikwa na mtoto wa Kakamega au wa Voi yaweza kumsaidia mtaalamu kuliko mnavyodhani.

Wapendwa, Bwana wetu alipotaka kuwafundisha watu wasiwe na hofu, hakuwaonyesha tai. Aliwaonyesha ndege wadogo wa sokoni, waliouzwa kwa bei ya chini kabisa, akasema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi na Mungu. Ikiwa Mungu hamsahau ndege asiye na rangi wala wimbo, sisi tuliopewa dunia hii tuitunze tutasemaje kwamba hatukumwona?

Basi mwezi wa kumi ukifika, baada ya ibada, msikimbilie kwenda nyumbani. Simameni kidogo uwanjani mkatazame matawi yaliyo wazi. Mkimwona ndege mwembamba wa kahawia amekaa wima, akaruka, akarudi pale pale, mwonyesheni na jirani. Mwambieni mtoto aliye karibu nanyi ndege huyo ametoka wapi.